Chumba cha michezo cha ndani kinachomfaa kila mtoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na walimu, wazazi, viongozi wa vituo vya watoto na kamati za ujenzi za makanisa na misikiti wanapopata chumba kilicho wazi na kutaka watoto wote wacheze humo, wakiwemo wenye ulemavu. Majibu yamelenga jengo la kawaida la kwetu: kuta za tofali, sakafu ya saruji au marumaru, bati juu, na bajeti inayobana.

Fedha ni kidogo. Tununue vifaa gani kwanza?

Msinunue chochote bado. Vyumba vingi hukwama kwa sababu fedha iliishia kwenye bembea za plastiki na mipira ya rangi, halafu ikaonekana mlango haupitishi kiti mwendo na choo kiko ng'ambo ya uwanja wa mchanga. Anzeni na njia ya kufika, kisha mlango, sakafu, choo, mwanga na sauti. Vifaa vije mwisho. Mkifika hapo mmebakiwa na fedha za mikeka miwili na boksi la masufuria ya zamani, bado mna chumba kinachotumika.

Kuna jambo moja la kulishika katika kila hatua: kuingia chumbani si kucheza. Mtoto aliyefikishwa ndani akaachwa pembeni kutazama wenzake bado hajacheza. Kabla ya kupigilia msumari wowote jiulizeni mkono wake utagusa nini, na nani atakuwa karibu naye kwenye mchezo huo.

Chumba kiwe na ukubwa gani?

Darasa la mita 6 kwa 8 linatosha watoto 10 hadi 12 kwa wakati mmoja. Mkizidisha, kelele hupanda na viti mwendo hukosa njia. Chumba kidogo cha mita 3 kwa 4 nacho hufaa, ila kwa watoto watatu au wanne.

Kiti mwendo kinahitaji duara la sentimita 150 ili kigeuke bila kurudi kinyumenyume. Chukueni chaki, choreni duara hilo mbele ya mlango, mbele ya rafu na kando ya meza. Kisha choreni njia ya upana wa sentimita 120 inayoyaunganisha. Ndani ya mistari hiyo pasiwekwe kitu chochote. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kujaza katikati ya chumba kwa kuwa panaonekana patupu. Ule utupu ndio unaomwezesha mtoto kwenda alikochagua mwenyewe.

Rampu ijengwe vipi?

Kanuni ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Kama sakafu iko sentimita 45 juu ya uwanja, yaani ngazi tatu za kawaida, rampu iwe na urefu wa mita 5.4. Mafundi wengi hujenga ya mita 2 kwa sababu nafasi ni ndogo, na kwenye mwinuko huo kiti huinuka magurudumu ya mbele na kuangukia nyuma mtoto akiwa ndani, au mama anayekisukuma anazidiwa nguvu katikati. Nafasi ikiwa finyu, ipindisheni irudi kwa upande wa pili, na pale inapopinda pawe na kituo tambarare cha sentimita 150 kwa 150. Rampu ikipandisha zaidi ya sentimita 75, weka kituo cha kupumzikia katikati hata kama imenyooka.

Upana uwe sentimita 120. Kingo za pembeni ziinuliwe sentimita 10 ili gurudumu lisichomoke, na bomba za kushikia ziwe mbili, moja kwenye sentimita 90 kwa mtu mzima na nyingine kwenye 60 kwa mtoto. Juu mlangoni pawe tambarare, sentimita 150 kila upande. Mlango ukifungukia nje, ongezeni nafasi ya kuuvuta bila kurudi mteremkoni. Msimamieni fundi siku ya kupiga sakafu. Akiisugua kwa mwiko hadi ing'ae, mvua ya kwanza itaigeuza utelezi. Saruji ikiwa bado mbichi ipigwe mistari kwa ufagio wa chelewa, mistari ikikata njia kwa upande.

Na mlango?

Mlango wa sentimita 90 ukiwa umefunguka hubakiza sentimita 80 hadi 85, kwa kuwa unene wa ubao na bawaba hula nafasi. Hiyo inatosha. Kiti mwendo cha njia mbovu kinaweza kuwa na upana wa sentimita 65 hadi 70, na mikono inayosukuma magurudumu inahitaji nafasi pande zote mbili. Mkikuta mlango wa sentimita 75, msikate ubao peke yake. Fremu nayo ing'olewe.

Kizingiti ni adui mdogo anayesahaulika. Kisizidi sentimita 1.3, na kikizidi milimita 6 kichongwe mteremko. Magurudumu madogo ya mbele hukwama kwenye kizingiti cha sentimita 3 na mtoto hurushwa mbele. Kitasa kiwe cha kushusha kwa kiganja au hata kiwiko. Kile cha duara humshinda mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Kwa watoto wanaopenda kutoroka, ongezeni komeo la juu, sentimita 150 kutoka chini, ambalo mtu mzima yeyote anaweza kulifungua bila ufunguo.

Sakafu ipi inafaa?

Hapa ndipo chumba hufaulu au hufeli, kwa sababu mahitaji yanagongana. Kiti mwendo kinataka sakafu ngumu iliyosawazishwa. Mtoto anayetambaa au kujiviringisha anataka sehemu nyororo. Mtoto anayetembea kwa magongo anaogopa utelezi, na mtoto asiyeona anaogopa kingo zisizotarajiwa. Hakuna sakafu moja inayowatosheleza wote, hivyo gaweni chumba: njia na sehemu ya meza zibaki ngumu, na kona moja ya mita 3 kwa 3 iwe ya kulala, kutambaa na kuanguka.

Kwenye sehemu ngumu, saruji iliyosakafiwa vizuri bila kung'arishwa ni bora kuliko marumaru zinazong'aa. Kama marumaru zimeshawekwa, msizipake nta. Zulia la plastiki lisilogandishwa hutoa mikunjo baada ya wiki chache na magongo hunasa humo, kwa hiyo ligandishwe kwa gundi eneo lote. Zulia la manyoya liepukwe: linabana magurudumu, linashika mkojo, na halikauki.

Kwa sehemu nyororo, wengi hununua zile mikeka za sponji za kuunganisha kwa meno. Zikiwa mpya hutoa harufu kali, basi zianikwe kivulini siku kadhaa. Tatizo lake kubwa ni meno yenyewe: hung'oka, na mtoto anayepeleka kila kitu mdomoni huyauma na kumeza vipande. Magurudumu nayo huzama na kuzitenganisha. Kinachodumu ni godoro la sponji ngumu la sentimita 5 lililoshonewa gamba la ngozi ya bandia, zipu ikielekezwa ukutani. Rangi ya gamba itofautiane waziwazi na sakafu, kwa mfano buluu juu ya saruji ya kijivu, ili mtoto mwenye uoni hafifu aone linapoanzia.

Halafu kuna kitu ambacho karibu kila chumba kinakisahau: jukwaa la kuhamia. Mtoto aliye kwenye kiti mwendo hawezi kushuka mwenyewe hadi godoro la chini, na kumbeba kila mara kunachosha wasimamizi, mwisho wanamwacha kitini. Fundi mbao atengeneze jukwaa la mita 2 kwa 2, urefu sawa na kalio la kiti, yaani sentimita 40 hadi 45. Atumie mbao za inchi 2 kwa 4 zilizopangwa kila sentimita 40, na juu plaiwudi ya milimita 18, kisha godoro jembamba. Unene wa godoro uhesabiwe ndani ya ule urefu. Upande mmoja uegemee ukuta. Upande mwingine uwe na ngazi pana yenye kimo cha sentimita 20. Mtoto anasogeza kiti ubavuni, anajivuta kwa mikono, na yuko kwenye mchezo pamoja na wenzake bila kumwomba mtu.

Meza ziweje?

Meza ya mstatili isiyo na ubao unaounganisha miguu yake kwa chini. Chini yake pawe wazi kwa kimo cha sentimita 61 angalau na kina cha sentimita 45, na juu yake isizidi sentimita 76. Pimeni magoti ya watoto wenu wakiwa kitini kabla ya kuagiza. Viti mwendo vingine viko juu zaidi. Pigilieni ukingo mdogo wa mbao wa sentimita 1.5 kuzunguka meza ili vitu visidondoke kwa mtoto ambaye mikono yake hurukaruka. Kwa mtoto huyo huyo, kitambaa chenye unyevu chini ya sahani au kikombe huzuia kuteleza.

Mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe atachezaje?

Mweke vizuri kwanza, mchezo utafuata. Mtoto anayepigana asianguke hana mkono wa ziada wa kushika mdoli. Mkao wa kuanzia ni nyonga na magoti kwa pembe mraba, nyayo zimekanyaga kitu kigumu, na meza kwenye usawa wa viwiko. Kiti cha kona, chenye migongo miwili inayokutana, husukuma mabega mbele kidogo na kuleta mikono pamoja. Vipimo vichukuliwe na mtaalamu wa utengamao, yaani wa viungo na mazoezi tiba, wa hospitali ya wilaya au mkoa, kwa kuwa kiti kipana kupita kiasi humpinda mgongo. Asikae humo zaidi ya nusu saa. Abadilishiwe mkao, alale kwa tumbo juu ya kabari la sponji mikono ikiwa mbele, au alale ubavu.

Kiti hicho kinaweza kutengenezwa kwa maboksi. Pika uji mzito wa unga wa ngano, paka, gandisha matabaka 8 hadi 10 ya maboksi mpaka ufikie unene wa sentimita 2 hivi, kisha kandamiza chini ya mawe juu ya sehemu tambarare. Yakikauka, kata vipande kwa msumeno, viunganishe kwa vijiti na gundi, halafu funika kote kwa karatasi ndogo zilizochanwa kwa mkono, maana ukingo uliochanwa hulala vizuri kuliko uliokatwa kwa mkasi. Malizia kwa msasa na vanishi mbili au tatu. Kukausha kunaweza kuchukua wiki 2 hadi 3, na haraka ndiyo inayoharibu: nje panaonekana pakavu, ndani pana unyevu, kisha ukungu unaingia na kiti kinalegea. Gonga kwa kidole. Kikilia kama ubao kimekauka, kikilia kibubu subiri. Pembe yoyote isiyo na vanishi italiwa na panya au kulainishwa na mkojo. Kabla mtoto hajakikalia, mtu mzima akikalie.

Kwa mtoto mwenye ulemavu mkubwa wa viungo ambaye pia haoni, tengenezeni ubao wa mwangwi. Wazo hili limeenezwa na Lilli Nielsen wa Denmaki, aliyefanya kazi miaka mingi na watoto wasioona. Ni plaiwudi nyembamba ya milimita 4, mita 1.2 kwa 1.2, iliyopigiliwa kwa chini, ukingoni tu, vipande vya mbao vya sentimita 2 kwa 2. Mtoto analazwa juu yake miguu pekupeku. Kila akigusa, kisigino au ukucha, ubao unalia na kutetemeka, na anagundua kwamba sauti ile ameileta yeye. Wekeni karibu na mikono yake vijiko, funguo, kopo la bati, njuga. Viacheni mahali pale pale kwa siku kadhaa. Mkivihamisha kila asubuhi hawezi kujifunza vilipo. Ubao uwe juu ya sakafu ngumu. Ukiuweka juu ya godoro unakuwa bubu, na plaiwudi nyembamba inaweza kuvunjika.

Mtoto mwenye usonji hulia kila akiingia. Tufanye nini?

Sikilizeni chumba kwa masikio yake. Kuta tupu za saruji hurudisha kila sauti, na mvua ikipiga bati hapakaliki. Wekeni dari kwanza kama fedha ipo. Kisha tengenezeni fremu za mbao za mita 1 kwa 1.5, wambeni magunia ya katani na blanketi kuukuu ndani, mzitundike zikiacha sentimita 5 kutoka ukutani, mkianza na kuta zinazotazamana. Chini ya miguu ya viti gandisheni vipande vya kandambili. Mlio wa viti vikiburutwa utakwisha siku hiyo hiyo. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani hazizuii sauti kwa kiasi cha maana, zinashika moto upesi na kufuga mende. Ziondoeni.

Taa za mirija za zamani hupepesa mara 100 kwa sekunde, na wapo watoto wanaosumbuliwa na jambo hilo ingawa sisi hatulioni. Mrija unaokaribia kufa humkera kila mtu. Badilisheni ziwe za LED zenye ubora, na panapowezekana tumieni mwanga wa dirisha wenye pazia jepesi.

Halafu wekeni kona ya utulivu, mita 1.5 kwa 1.5, mbali na mlango. Vitenge viwili juu ya kamba, mto, mwanga hafifu, vitu viwili vitatu vya kushika. Upande mmoja ubaki wazi ili msimamizi aone miguu ya mtoto. Kona hii isitumike kamwe kuadhibu. Mtoto akishapelekwa humo mara moja kwa kosa, hataingia tena kwa hiari, na amepoteza mahali pekee pa kupumua.

Mengine ni utaratibu. Aje siku ya kwanza chumba kikiwa na watoto wawili tu, kwa dakika 15. Ukutani, kwenye kimo cha macho yake, bandikeni picha nne zinazofuatana: kuingia, kucheza, kunawa, kwenda nyumbani.

Watoto wasioona na wenye uoni hafifu wanahitaji nini?

Mpangilio usiobadilika. Mkihamisha rafu, mtembezeni mtoto akaiguse. Mlango uliofunguliwa nusu ndio unaopasua vipaji vya nyuso, hivyo uwe wazi kabisa au ufungwe. Tandazeni kamba ya katani ukutani kwa kimo cha sentimita 65, na kila eneo lipewe alama ya kugusa: kifundo kimoja kwa meza, ganda la konokono la baharini kwa sehemu ya ngoma, kipande cha manyoya kwa kona ya utulivu.

Ukingo wa ngazi, fremu ya mlango na swichi vipakwe rangi inayopingana na ukuta. Rangi ya ukuta isiwe ya kung'aa. Hili ni muhimu zaidi kwa watoto wenye ualbino, ambao mwanga mkali huwaumiza macho: wakae dirisha likiwa nyuma yao, waruhusiwe kofia ndani, na wasogee karibu na picha kadiri wanavyotaka.

Mpira wa kulia hutengenezwa kwa kushona njuga ndani ya mpira wa vitambaa. Bao nalo linafaa ajabu: mashimo yanahesabika kwa vidole na mtoto asiyeona anaweza kumshinda anayeona. Kete ziwekwe mbali na wanaopeleka vitu mdomoni.

Na viziwi?

Nafasi ya kuonana nyuso. Michezo ya duara, mwanga ukiangukia uso wa anayeongea na usiwe nyuma yake. Lile jukwaa la mbao hupitisha mtetemo wa ngoma hadi miguuni, hivyo ngoma ziwekwe juu yake. Msimamizi mmoja angalau ajue Lugha ya Alama ya Tanzania, au ya Kenya kama mko Kenya, na watoto wote wafundishwe ishara za mchezo: zamu yako, simama, tena, sitaki. Mtoto mwenye kipandikizi cha sikio avue kile kifaa cha nje kabla ya kuteleza kwenye plastiki au kuingia kwenye bwawa la mipira, kwani umeme tuli, ule unaotokana na msuguano, unaweza kukivuruga, hasa penye hewa kavu.

Tunaweza kufunga bembea ndani?

Ndiyo, lakini msiifunge kwenye dari la jipsamu wala kwenye kenchi za bati kwa neno la fundi peke yake. Mtoto anayebembea huweza kuvuta kwa nguvu inayofikia mara mbili ya uzito wake, na kenchi haikukadiriwa kwa mvuto wa kwenda na kurudi. Penye boriti ya zege, mhandisi aikague na bolti zipite ndani yake kabisa. Kwingine, chomeleeni fremu ya miguu minne ya bomba la chuma la inchi 2, kimo cha mita 2.2, miguu ikitanuka mita 2 chini na kufungwa sakafuni. Kabla ya matumizi, ning'inizeni mifuko minne ya saruji, kilo 200, kwa nusu saa, kisha angalieni kila kiungio.

Kamba iwe ya nailoni au poliesta. Ya katani huoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Ndoano iwe ya kujifunga kwa skrubu. Mbele na nyuma ya bembea paachwe mita 1.5, na chini pawe na godoro. Kwa mtoto asiyekaa, kalio la kawaida halifai: tumieni ubao wa sentimita 75 kwa 75 uliozungushiwa sponji, ukining'inia sentimita 30 kutoka chini kwa kamba nne, alale au akae na mwenzake.

Dakika 5 zinatosha kuanzia. Mtoto asiyeongea hawezi kusema kichwa kinazunguka, kwa hiyo tazameni uso: akipauka, akitoka jasho au kupiga miayo mfululizo, simamisheni.

Hatari gani hazionekani kwa macho?

Maputo. Watoto waliozaliwa na mgongo wazi wako katika hatari kubwa ya mzio wa mpira wa asili, na puto au glavu za mpira zinaweza kuwaletea mzio mkali hadi kubana pumzi. Piga marufuku maputo chumbani hata siku ya sherehe, na glavu ziwe za vinaili au nitrili. Watoto hao mara nyingi hawahisi joto wala mchubuko miguuni. Wavalishwe soksi na suruali wanapotambaa, na miguu ikaguliwe wakimaliza.

Trampolini na kupinduka kichwa. Baadhi ya watoto wenye sindromu ya Down wana viungio vya shingo vilivyolegea, na pigo la kichwa laweza kugusa uti wa mgongo. Wasiruke huko bila daktari kuwa ameruhusu.

Taa za kumetameta. Kwa baadhi ya watoto wenye kifafa, mwanga unaowaka na kuzima kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde unaweza kuamsha degedege. Zile taa za sherehe za rangi zisiingie.

Mianya. Nafasi yoyote iliyo kati ya sentimita 9 na 23 kwenye kingo, ngazi au rafu hupitisha mwili na kunasa kichwa. Izibeni au itanueni.

Je, ni lazima vifaa vya mwanga na mapovu vinavyouzwa kutoka nje?

Hapana. Vyumba vya aina hiyo, vya kuamsha hisi kwa mwanga, sauti, harufu na mguso, vilianzia Uholanzi miaka ya 1970 kwa kazi ya Jan Hulsegge na Ad Verheul, na mwanzoni walitumia vitu vya kawaida kama feni, vipande vya karatasi, wino ndani ya maji na sabuni za kunukia. Hapa kwetu chupa ya plastiki yenye maji, mafuta ya kula na rangi, kizibo kikiwa kimegandishwa, hufanya kazi nzuri ya kutazamwa. Ongezeni karafuu na mdalasini kwenye vifuko vya kitambaa, makuti ya kugusa, marimba, vifuu vya nazi vya kugonganisha, beseni la maji. Kila kitu kipimwe kwa swali moja: mtoto huyu anaweza kukifanya kibadilike kwa nguvu aliyonayo? Kisichobadilika mkononi mwake ni pambo.

Mtoto asiyeongea atasemaje anachotaka?

Tundikeni mbao za picha sehemu tatu, kimo cha sentimita 90, kila moja na picha 12 hadi 20 kubwa za mambo ya chumba hiki: ngoma, bembea, maji, tena, imetosha, chooni, naumwa. Wasimamizi waziguse wenyewe kila wanapoongea. Ubao usioguswa na mtu mzima hautaguswa na mtoto.

Choo je?

Kiwe karibu, mlango ufungukie nje, na ndani duara lile la sentimita 150. Kama ni choo cha kuchuchumaa, fundi chuma atengeneze kiti chenye tundu cha kusimamishwa juu yake, chenye mikono ya kushikia. Kwa watoto wakubwa wanaovaa nepi, wekeni kitanda cha kubadilishia cha sentimita 180 kwa 80 na pazia. Kuwabadilisha sakafuni mbele ya wenzao ni kuwavunjia heshima.

Usafi ufanywe vipi?

Vitu vya mdomoni viwekwe kwenye beseni lake mara tu mtoto anapoviacha. Mwisho wa siku vioshwe kwa sabuni, kisha viloweshwe dakika 10 kwenye maji yenye dawa ya klorini ya asilimia 3.5, mililita 30 kwa kila lita, visuuzwe na kuanikwa. Msichanganye dawa hiyo na nyingine yoyote. Bwawa la mipira ndilo gumu kusafisha kuliko vyote. Kama hamwezi kuosha mipira yote kila wiki, msiwe nalo.

Watoto wasio na ulemavu waruhusiwe?

Waitwe. Chumba cha watoto wenye ulemavu peke yao kinageuka zahanati. Nusu kwa nusu huenda vizuri, na ndugu zao waje pia. Watu wazima wawe mmoja kwa kila watoto watatu au wanne, zaidi kama wapo wanaohitaji kubebwa. Kazi yao ni kusogeza, kutafsiri ishara, kisha kukaa kimya. Msimamizi akicheza badala ya mtoto, watoto wengine humwelekea yeye.

Kuna sheria ya kutusaidia tukikataliwa chumba au fedha?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 31, unatambua haki ya kucheza. Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 30, unataja michezo ya watoto wenye ulemavu kwa usawa na wengine, ikiwemo shuleni. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inagusa haki ya kufika mahali pote. Andikeni barua kwa halmashauri au kaunti mkiambatanisha mchoro wenye vipimo na orodha ya mbao, saruji na bomba. Ombi lenye vipimo hujadiliwa. Ombi la huruma husubiri.

Sina kituo, nina sebule tu. Nifanye nini?

Sogeza kochi moja, upate mita 2 kwa 2. Godoro jembamba, ukuta wa kuegemea, kamba imara kwenye kimo cha mkono wake yenye vitu vitatu vya kulia, na beseni la vyombo vya jikoni. Walete watoto wa jirani wawili, saa ile ile kila siku.

Tutajuaje kwamba chumba kinafanya kazi?

Chagueni mtoto mmoja mwenye ulemavu na mtu mmoja mwenye saa na karatasi. Kila dakika 5 kwa saa nzima aandike mtoto yuko wapi, anagusa nini, yuko na nani. Mkikuta zaidi ya theluthi ya alama zinasema yuko peke yake au anatazama tu, angalieni alipokwama: mara nyingi ni kitu cha kusogeza sentimita 20, rafu iliyo juu mno, au kikapu kilichowekwa njiani. Rekebisheni, mrudie wiki inayofuata kwa mtoto mwingine.